Nusu ya Sinia la Mzee Salehe

Vijana wangu mnaojifunza kutunza wagonjwa, shikeni hili kabla sijalisahau, maana siku hizi natafuta kofia iliyo kichwani mwangu. Mgonjwa wa kiharusi akimaliza kula, mwambie afungue mdomo, halafu mtazame ndani ya shavu. Mkitaka kunicheka, chekeni, lakini mtazame. Mimi niliwahi kutoa katika shavu la mtu mmoja kahawa ya kutosha kupanda shamba kutoka Kituntu mpaka Rugera.

Haya, labda si mpaka Rugera. Tena ilikuwa imechemshwa, isingeota. Lakini ilikuwa nyingi.

Naitwa Ishengoma. Kusoma na kuandika nimejifunza ukubwani, katika shule ya usiku, nimeketi benchi moja na watu wenye umri wa wajukuu zangu, na taa ya chemli ikitutia moshi puani. Ndiyo maana herufi zangu zinaegemea upande kama mlevi anayerudi nyumbani. Mwalimu wetu alisema kila mtu aandike kazi aliyoifanya maishani. Wengine waliandika ukurasa mmoja wakachoka. Mimi karatasi ziliisha, nikaomba nyingine.

Sikuanza na wagonjwa, nilianza na machela. Enzi zile za Wadachi, yaani Wajerumani, mtu wa Karagwe akiugua hakuwa na gari wala baiskeli ya kumpeleka popote. Alilazwa kwenye machela, wanaume wanne wakaibeba mabegani, na wengine wakafuata nyuma kupokezana, huku wakiimba ili njia ipungue. Nilikuwa na nguvu, jamani. Nilikuwa nabeba pembe yangu ya machela kwa bega moja, mkono wa pili nakula ndizi ya kuchoma, na bado naongoza wimbo. Wapo watakaosema si kweli, lakini wote wamekwisha kufa.

Mkuu wetu wa machela alikuwa Tata Rwakabare. Tata ni baba. Kwetu ndivyo tunavyomheshimu mwanamume mzima. Yeye alikuwa na neno moja alilolirudia mpaka masikio yakatuuma: mtu aliyepooza usimwinue kwa kumvuta mkono. "Mkono uliokufa haujishikilii," alisema. "Ukiuvuta, utabaki nao." Tulidhani anatia chumvi. Siku moja huko njia ya Nyabiyonza mwenzetu mmoja alimvuta mgonjwa mkono ili amkalishe, na bega likatoka mahali pake, tukasikia sote. Yule mgonjwa alilia kwa maumivu kwa muda mrefu kuliko alivyougua ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo ninyi mpitishe mkono nyuma ya mgongo wake, mwingine mshike nguo kiunoni, muinuke naye pamoja. Mkono wake mlegevu muulaze juu ya mto kama mtoto anayelala.

Sasa niwaambie habari za Mzee Salehe, ambaye kwake ndiko nilikoacha machela nikawa mtunza wagonjwa, na ambako sikuelewa kitu hata kimoja kwa muda mrefu sana.

Mzee Salehe alikuwa mfanyabiashara pale Kituntu. Baba yake alitoka pwani na msafara, akapenda hewa ya huku, akabaki. Mzee aliuza merikani, chumvi na shanga, na Kiswahili chake kilikuwa kitamu mpaka watu walinunua chumvi wasiyoihitaji ili wamsikie akiongea. Changu wakati ule kilinitosha kuomba maji na kukimbia. Mkewe alikuwa Bi Mariamu, Mnyambo kama mimi, binti wa Nyabiyonza, ambaye kwao aliitwa Kokugonza. Walikuwa na binti mmoja, Hadija, ameolewa mbali. Tena alikuwapo Bi Tatu, mdogo wake Mzee, mjane aliyetoka pwani kuja kuishi kwa kaka yake. Bi Tatu alipika wali. Bi Mariamu alipika ndizi. Vita vya Wadachi sikuviona kwa macho, lakini vita vya wali na ndizi nilivishuhudia tangu mwanzo.

Siku alipopigwa na kiharusi, Mzee alikuwa dukani anampimia mama mmoja merikani. Nguo ilipimwa kwa mkono, kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole, kushoto kunashika na kulia kunavuta. Nguo ikamponyoka mkono wa kushoto, ikashuka sakafuni. Mzee hakushtuka. Aliendelea kuvuta na kuhesabu, mkono wa kulia unakwenda na kurudi, hauna kitu.

"Mzee, unanipimia upepo?" yule mama akauliza.

"Nguo hii hapa, huioni?" Mzee akamjibu, na mdomo wake tayari umekwenda upande. Halafu akateleza kutoka kwenye kigoda taratibu, kama mtu anayetafuta sindano chini.

Tuliitwa sisi wa machela kumtoa dukani kumpeleka nyumbani. Tulipomlaza, Bi Tatu akaniangalia kuanzia miguuni mpaka utosini, safari ndefu.

"Wewe pandikizi la mtu, unaitwa nani?"

"Ishengoma, mama."

"Wewe usiondoke. Nani atamgeuza kaka yangu, mimi na mifupa yangu hii?"

Basi nikabaki. Sikujua kwamba ndiyo nimepata kazi ya maisha.

Ugonjwa wenyewe hakuna aliyeujua. Bi Tatu alisema ni upepo mbaya. Majirani walisema ni mizimu. Mimi niliwakubalia wote, na juu yake nikaongeza wazo langu kwamba labda ni ile chumvi. Mwalimu wa chuo alikuja akamsomea dua, akaandika kombe, aya za Kurani, katika sahani, akaliosha kwa maji ili mgonjwa anywe. Mzee alipokunywa yale maji, alikohoa kikohozi kilichotikisa kuta na kuku wakahama ua. Watu wakasema upepo unatoka. Mwalimu mwenyewe, mtu mwenye busara, akaninong'oneza: "Maji mepesi yanampalia. Mkalishe wima kwanza, mpe kidogo kidogo, na akikohoa acha." Neno hilo nimelitumia maisha yangu yote. Mtu aliyelala chali msimnyweshe kitu, hata akiomba kwa machozi. Mkalisheni.

Nilimgeuza kila jua lilipohama kutoka kizingiti kimoja hadi kingine, ili mgongo usioze. Nilimwosha, nilimkausha, nilimnyoosha vidole. Kazi ya mikono niliiweza. Kilichonichanganya ni maneno yake.

"Ishengoma."

"Naam, Mzee."

"Toa mkono wako kitandani kwangu."

Nikatazama mikono yangu. Yote miwili nilikuwa nayo, mmoja umeshika beseni.

"Mkono gani, Mzee?"

"Huu hapa ubavuni. Baridi kama samaki. Mtu mzima unaacha mkono wako kwa watu?"

"Mzee, huo ni wa kwako."

"Wangu?" Akacheka, nusu ya uso ikacheka na nusu ikakaa kimya. "Mimi nina mikono ya duka. Huu ni wa mpagazi. Uondoe."

Ningefanyaje? Nikauinua mkono wake mwenyewe wa kushoto, nikauweka juu ya mto kando.

"Ahsante," akasema. "Na usirudie tena."

Nilitoka nje nikaketi chini ya mgomba, nikajibana mkono wangu wa kushoto nihakikishe ni wangu. Maneno yake yalikuwa safi, hesabu zake safi, majina ya wadeni wake wote anayakumbuka mpaka wale waliokufa. Mtu mwenye akili timamu kiasi hicho anaukataaje mkono wake? Sikuelewa. Nilimwambia Bi Tatu, naye akafukiza ubani mpaka tukakohoa sote, mgonjwa na wazima.

Halafu ndiyo ikaja kahawa.

Mnajua desturi yetu. Mgeni hakaribishwi mikono mitupu. Unamfungulia kikapu kidogo cha kahawa iliyochemshwa na kukaushwa, naye anachukua punje anatafuna. Anayekuja kumjulia mtu hali naye hutoa ya kwake, na kukataa kahawa ya mtu ni kumkataa mwenyewe. Sasa Mzee Salehe alikuwa na wageni kuliko nzige. Kila aliyeingia alimpa punje, na Mzee, mtu wa adabu, kila punje aliipokea akaitia mdomoni.

Baada ya siku kadhaa shavu lake la kushoto likavimba. Mimi nasema lilikuwa kama papai. Bi Tatu alisema kama limau, lakini Bi Tatu hakuwa mtu wa kufikiri makubwa. Akaita jirani aje kulichua kwa samli. Akichua, linasogea. Wakasema humo ndani kuna kitu chenye uhai. Watu wakasogea ukutani.

"Mzee, fungua mdomo," nikasema.

Nikatia kidole. Nikatoa punje ya kahawa. Nikatoa nyingine. Nikatoa punje mpaka kiganja kikajaa, nikaomba kikombe. Ilikuwa kahawa ya watu wa Nyabiyonza, ya watu wa Rugera, ya jirani na ya jirani wa jirani, yote imejipanga shavuni kama mzigo bandarini.

"Mzee, kwa nini hukumeza wala kutema?"

"Kumeza nini? Mimi sina kitu mdomoni."

Na alikuwa anasema kweli yake. Shavu lile hakulijua kama asivyoujua ule mkono. Watu wakacheka mpaka wakaegemeana. Mimi pia nilicheka, lakini nilipokwenda kumwaga zile punje nilisimama jalalani nimeshika kikombe, nahisi kuna jambo limenipita karibu sana na sikulikamata.

Aliyekuwa hacheki ni Bi Mariamu.

Hapo inabidi mjue chumba kilivyokuwa. Kitanda kilisimama katikati, kichwa ukutani. Upande wa kulia wa Mzee ulikuwa wa mlango wa mbele. Huko ndiko walikoingia wageni, na Bi Tatu akiwapokea. Upande wake wa kushoto ulikuwa wa ndani, wenye mlango wa kwenda jikoni na migombani. Mke mahali pake ni ndani. Bi Mariamu alitandika mkeka wake hapo kushoto tangu siku ya kwanza, akalala hapo, akaamka hapo. Yeye ndiye aliyekuwa akimfuta mate, akimbadilisha nguo, akimkanda ule mguu mzito. Bi Tatu alikuwa mdomo wa nyumba. Bi Mariamu alikuwa mikono.

Na Mzee hakumtazama hata mara moja.

"Shikamoo, Baba Hadija. Umeamkaje?" Bi Mariamu alimwamkia asubuhi moja, mimi nikiwapo.

Mzee akageuza uso kulia, kwa Bi Tatu. "Marahaba, Tatu. Leo sauti yako laini."

"Mimi sijasema kitu, kaka."

"Umeniamkia sasa hivi, nimesikia."

Bi Tatu akainua macho kumtazama wifi yake ng'ambo ya kitanda. Midomo yake ilifurahi kidogo, na Bi Mariamu akaona.

Chakula kikawa hivyo hivyo. Kililetwa katika sinia moja pana: wali wa Bi Tatu upande aliokaa yeye, ndizi za Bi Mariamu upande aliokaa Bi Mariamu. Mzee alikula wali wote mpaka akakwangua, akajifuta mkono. Ndizi hazikuguswa. Siku baada ya siku, nusu ya sinia inarudi jikoni tupu na nusu inarudi imejaa, imekatika katikati kama imepigwa mstari.

"Ndizi ni chakula kizito kwa mgonjwa," Bi Tatu alisema kwa upole mbaya. "Damu ya pwani inajua kwao."

Siku moja Bi Mariamu alinikuta nafua nguo nyuma ya nyumba. Akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

"Ishengoma, nikuulize. Mtu akikuacha bila kukufukuza, kwenu mnasemaje?"

"Sijui, mama. Mzee hajakuacha. Anaumwa."

"Anaumwa, anaongea na kila mtu? Anakumbuka watu wa Bukoba waliokopa shanga, mimi hanikumbuki? Nikisema, anamjibu wifi. Nikipika, anaacha. Nikimshika mkono, anasema uondoke." Akasimama. "Nimetuma watu kwa kaka yangu. Aje anichukue."

Nguo ilinidondoka mikononi. Niliona sawasawa kitakachofuata. Ndugu wa mke wakija kumchukua na akatoka na mzigo wake mbele ya watu, harudi tena. Na Bi Mariamu akitoka, Mzee hafiki mavuno; mimi namgeuza, ndiyo, lakini mtu hatunzwi na pandikizi peke yake. Nilitaka kumwambia kitu. Kichwani nilikuwa na mkono, na shavu, na ndizi, vyote vinazunguka, na havikutaka kukaa pamoja. Nikamwambia tu, "Ngoja kidogo, mama." Naye akaniuliza, "Ningoje nini?"

Kahigi, kaka yake, alifika mchana, wakati wa chakula. Aliingia kwa mlango wa ndani, kama ilivyo kwa watu wa upande wa mke, akasimama kushoto kwa kitanda pamoja na dada yake. Bi Mariamu alikuwa tayari na mzigo wake umefungwa katika kanga.

"Shikamoo, shemeji," Kahigi akasema.

Mzee alikuwa ameketi, mito nyuma, sinia mbele yake. Akageuza uso kulia, akatazama mlango wa mbele, akaona hakuna mtu, akaendelea kula wali.

Kahigi akaamkia tena, kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya Kagera. Mzee akasema, "Tatu, kuna mtu anapiga hodi."

"Umeona?" Bi Mariamu alimwambia kaka yake kwa Kinyambo, taratibu. "Si mimi peke yangu. Ukoo mzima."

Kahigi alikuwa mtu mfupi mwenye hasira ndefu. Akalitazama sinia. "Nusu ya wifi imekwisha, nusu ya dada yangu haijatuliwa hata na nzi! Basi kuleni wenyewe!" Akalinyakua sinia mbele ya mgonjwa, akazunguka nalo mguuni mwa kitanda, akaenda moja kwa moja upande wa Bi Tatu, akalibwaga pale juu ya kigoda, kulia kwa Mzee, mbele ya macho ya wifi.

Sasa tazameni, vijana. Alilichukua akiwa kushoto, zile ndizi zikiwa upande wa tumbo lake. Alipozunguka na kulibwaga, zilibaki upande wa tumbo lake vile vile. Lakini yeye sasa alikuwa kulia.

Mzee akatazama. Uso wake ukafunguka, ile nusu iliyoweza.

"Ah! Ndizi!" Akapeleka mkono, akala. Akala tena. "Nani kanipikia ndizi leo? Tangu niugue nalishwa wali, wali, wali, kama niko harusini."

"Kaka!" Bi Tatu akashika kifua. "Wali wangu?"

"Mama Hadija angekuwapo, asingekubali." Akainua macho akamwona aliyesimama mbele yake. "Kahigi! Shemeji, umefika lini, mbona huamkii watu? Umekuja na dada yako? Mwambie namngoja. Tangu nianguke hajaja hata kuniona."

Bi Mariamu alikuwa amesimama kushoto, karibu kiasi cha kumgusa nywele, mzigo kichwani.

"Nipo," akasema.

Mzee akageuza uso kulia zaidi, akamtafuta nyuma ya Kahigi. "Nimemsikia. Yuko wapi?"

"Shavu!" nikapiga kelele.

Wote wakanigeukia.

"Kahawa ilikuwa shavu la kushoto! Mkono anaoukataa ni wa kushoto! Ndizi zilikuwa kushoto! Na wewe mama umekaa kushoto!"

"Huyu naye amepigwa?" Kahigi akauliza.

"Hakukuacha! Upande huo kwake haupo! Haupo kabisa, kama nyuma ya kisogo changu!" Nilikuwa narukaruka, na mtu wa ukubwa wangu akiruka ndani ya nyumba ya udongo ni hatari. Lakini kwa nini haupo, macho yake yote mawili yakiwa mazima, mniue tu, sikujua.

"Basi tugeuze kitanda," Kahigi akasema, tayari ameshika mguu wa kitanda.

"Thubutu!" Bi Tatu akadaka mguu wa pili. "Miguu ya kaka yangu ielekee kibla?"

"Kwani akifa njaa ya mke ndiyo itaelekea wapi?"

"Usinitajie kifo nyumbani kwangu, mla ndizi wewe!"

Huyu anavuta, yule anavuta, na Mzee katikati anapepesuka na ndizi yake mkononi, anauliza nani ametikisa dunia. Na mimi nimesimama, nguvu zote hizo, sijui nimsaidie nani.

Bi Mariamu ndiye aliyetua mzigo. Aliuweka chini, akapita mguuni mwa kitanda, katikati ya kaka yake na wifi yake, akaenda upande wa wageni ambako mke wa nyumba ile hakuwahi kukaa, akavuta kigoda, akaketi. Hatua chache tu. Tungeweza kuzifikiria tangu mwanzo.

Mzee akaacha kutafuna.

"Mama Hadija. Ulikwenda wapi?"

"Sikwenda popote."

"Mbona sikukuona?"

"Hata mimi sijui, Baba Hadija. Kula ndizi."

Akamlisha. Kahigi akaachia mguu wa kitanda, akatoka nje, akafuta macho kwa kiganja akisingizia moshi. Bi Tatu alingoja mpaka sinia likaisha. Halafu akainuka, akauchukua ule mzigo wa kanga mwenyewe, akaurudisha chumbani kwa wifi yake, na kesho yake ndizi na wali vilipikwa katika jiko moja. Ugomvi haukwisha, msidanganyike. Ulihamia kwenye chumvi.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimekwisha kutunza wagonjwa wa namna ile nusu ya Karagwe, daktari mmoja alinichorea kichwa cha mtu ubaoni kwa kipande cha mkaa. Alisema damu inapita katika ubongo kwa mishipa myembamba. Nikamwambia, kama mrija wa kunywea rubisi, pombe yetu ya ndizi? Akasema naam, ni hivyo. Mrija ukizibwa na makapi, au ukipasuka, sehemu ile ya ubongo inakosa damu, inaanza kufa hapo hapo. Na ubongo wa kulia ndio unaotawala kushoto. Kwa wengine, sehemu inayokufa ni ile inayomwambia mtu kwamba kushoto kupo. Si kiburi, si mizimu, si kumchukia mke. Nilimwomba anieleze tena, akanieleza, na nikiri kwamba mpaka leo nikifikiria mtu kupoteza upande mzima wa dunia na asijue amepoteza, kichwa kinanizunguka.

Kwa hiyo ninyi mkiona mdomo wa mtu umekwenda upande ghafla, au mkono umeanguka wenyewe, au maneno yamevurugika, msikae kubishana upepo na mizimu kama sisi. Mkimbizeni hospitali saa hiyo hiyo, maana sasa hospitali zipo na magari yapo. Akirudi nyumbani, salamu mpeni kwa upande anaouona. Sahani mgeuzieni. Na mke wake au mume wake akinung'unika kwamba hapendwi tena, kwanza muulizeni anakaa upande gani.

Lakini msimwache huko upande mmoja milele. Hili daktari alilijua, na Bi Mariamu alikuwa amekwisha kulifanya bila kuambiwa. Siku zilivyopita alikisogeza kigoda chake kidogo kidogo, kutoka kulia kuelekea mguuni mwa kitanda. Akisogea, anaongea, na Mzee anamfuata kwa macho. Akimpoteza, anarudi nyuma kidogo, anangoja, anasogea tena. Alifika mguuni. Akakata kona. Mvua za masika zilipokuja Mzee alikuwa anasimama, mimi nimemshika kiunoni, naye ananitukana kwamba namkaba.

Asubuhi moja nikaingia nikamkuta Bi Mariamu ameketi juu ya mkeka wake wa zamani, upande wa kushoto kabisa. Alishika kile kikapu kidogo cha kahawa, akakitikisa.

Mzee akatazama kulia. Hakuna mtu. Uso ukaanza kurudi, taratibu, ukapita mguuni mwa kitanda, ukakwama hapo kama mkokoteni kwenye tope. Bi Tatu alifungua mdomo aseme, nikamkanyaga. Mzee akavuta pumzi. Uso ukaenda tena, ukaenda, ukaenda, mpaka ukamfikia.

"Upo," akasema.

"Nipo."

Akauinua mkono wake wa kulia, akaupitisha juu ya kifua, juu ya ule mkono wake wa kushoto uliolala juu ya mto, akachukua punje ya kahawa kutoka kikapu cha mkewe, akatafuna.

Tuliacha atafune mpaka amalize. Halafu nikasogea.

"Mzee, fungua mdomo."

Akafungua. Nikatazama shavu la kushoto. Lilikuwa tupu.